Mvua Ingoje Jumamosi

Mutie alikuwa ametandika turubai ua mzima, naye ameketi katikati yake kama mtu aliyeketi juu ya bwawa la kijani. Kando yake palikuwa na kopo la nta iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa. Alikuwa akishona kiraka cha mwisho kwa sindano ya gunia, na kila alipoisukuma alifumba jicho moja. Siku za kazi alishona viti vya magari na vifuniko vya malori katika kibanda chake sokoni Mbumbuni. Turubai hili halikuwa la mteja. Lilikuwa la uwanja wa voliboli.

Ndila, mkewe, alitoka shambani na jembe begani, akasimama ukingoni mwa turubai asilikanyage.

"Kwale wamefukua tena," alisema. "Upande wote wa mtoni. Wanajua mistari kuliko mimi niliyeichora."

"Wamekula mahindi?"

"Mahindi, kunde, kila kitu. Mbegu imelala mavumbini inangoja mvua, na kwale naye anaingojea mbegu. Baba Kalondu, mvua isiponyesha wiki hii sina kingine cha kupanda."

Mutie alikata uzi kwa meno. Alitazama juu ya vilima vya Mbooni, ambako wingu moja lilikuwa limesimama, jeupe, lisilo na haraka na mtu.

"Itanyesha," alisema. "Mungu akitaka, itanyesha Jumapili ile nyingine."

"Kwa nini Jumapili ile nyingine?"

Ndila aliuliza huku akijua. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa fainali ya tarafa, wasichana wa Mbumbuni dhidi ya wasichana wa Kikima. Nyuma ya jiko mpira ulikuwa unagonga ukuta, unarudi, unagonga tena. Huyo alikuwa Kalondu, binti yao. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na tangu wakati huo alikuwa nyumbani, bila kazi wala karo ya chuo. Fainali hiyo ingetazamwa na mwalimu wa timu ya kampuni moja ya Nairobi, mwanamke aliyeitwa Mishi. Kampuni hiyo iliwaandika kazi wasichana walioichezea. Mwalimu huyo angekuja siku hiyo moja tu, kisha aende kwingine kutafuta wengine.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Vijana wa soko waliusomba kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakauponda, wakaunyunyizia maji na kuushindilia kwa pipa lililojaa mawe, mpaka ukawa mgumu na laini kama sakafu ya nyumba ya bibi arusi. Ukiwa mkavu, mpira uliruka juu yake kwa furaha. Ukilowa uligeuka uji, na ulipokauka ulipasuka vipande vipande kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Mwaka juzi manyunyu ya asubuhi moja tu yaliuharibu, mchezo ukapelekwa Kikima, na Mbumbuni wakashindwa mbele ya mashabiki wa watu. Ndiyo maana kila jioni, baada ya mazoezi, Mutie aliufunika uwanja huo kama mtu anayemfunika mtoto.

Lakini huu ulikuwa mwaka uliofuata njaa ya mahindi ya manjano. Watu walikuwa bado wanaikumbuka harufu ya mahindi yale ya msaada. Hakukuwa na mtu Mbumbuni aliyeamka asubuhi bila kutazama mbingu kwanza.

Jioni hiyo Mutie na Ndila walipiga magoti pande mbili za kitanda kimoja, kama desturi yao. Kila mmoja aliomba kimyakimya. Walipoinuka hawakuulizana walichoomba.

Siku iliyofuata, kanisani, Pasta Mwangangi alitangaza maombi ya mvua. Aliwaita wazee watatu wa kanisa waongoze, na Mutie akawa wa mwisho.

Hakuwahi kuomba vizuri kama siku hiyo. Aliombea mbegu zilizolala gizani, zikisikiliza. Aliombea ng'ombe ambao mbavu zao zilikuwa zimeanza kuhesabika, na visima vya mchangani vilivyozidi kwenda chini. Sauti yake ilikuwa ya upole, na "Amina" za watu zikawa zinampokea na kumwinua, kama wanawake wanaopokezana mtungi. Upande wa wanawake, Ndila alifumba macho akahisi harufu ya udongo uliolowa. Aliihisi kweli. Alijiona amesimama kwenye shamba lake, maji yanapita katikati ya vidole vya miguu yake, na kila shimo alilochimba kwale linafunga kama jicho lenye usingizi.

Mutie naye alikuwa amebebwa na utamu huo. Na mtu akibebwa hivyo, moyo husema yaliyo ndani yake.

"Zifungue mbingu, Bwana," alisema, "usisahau hata shamba moja. Ila ikikupendeza, Bwana, mvua ingoje Jumamosi jioni, mchezo ukiisha."

Hakuna aliyesema amina. Upepo ulitikisa bati la paa. Kisha mtoto mmoja mdogo akaitika "Amina!" peke yake, kwa sauti kubwa, na mama yake akamfinya.

Nje, Kaluki, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alimngojea Mutie mlangoni akiwa amekumbatia Biblia yake.

"Mutie," alisema, "umempangia Mungu ratiba?"

"Nilisema ikimpendeza, mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa heshima.

"Na sisi je? Sisi nani alituuliza kama inatupendeza?"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Ndila alitembea mbele ya mumewe njia nzima. Walipofika kwenye uzio wa katani wa boma lao, alisimama bila kugeuka.

"Ulikuwa unaomba vizuri," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa unaomba vizuri sana, Mutie."

Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu. Mutie alibaki nje kwa muda mrefu, akijifanya anakagua kamba za turubai.

Wiki hiyo mawingu yalikuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Yalipanda kutoka nyuma ya vilima, makubwa, ya buluu chini na meupe juu, yakasimama juu ya soko kama wageni wasiojua waingie nyumba gani. Kuku walikwenda kulala mapema. Watoto walitoa masufuria nje. Kisha upepo ulivuma, mawingu yakasogea taratibu kuelekea Kitui, na jua likarudi.

Kwenye kisima cha mchangani, wanawake walimpisha Ndila mbele ya foleni.

"Pisheni, pisheni," mmoja alisema. "Mke wa mwenye mvua asikawie."

"Mwaitu, mwambie mzee atukumbuke hata na manyunyu."

Walimshikia mtungi, wakamjazia, wakamtwisha, kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa. Ndila aliona ingekuwa afadhali wangemsukuma. Alipanda mlima na maji kichwani, na machozi yalipomtoka hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa juu.

Kibandani kwa Mutie mambo yalikuwa hayohayo. Mteja mmoja aliuliza kiti cha gari lake kitakuwa tayari lini.

"Alhamisi," Mutie alisema.

"Una hakika? Ama kingoje Jumamosi?"

Siku ya soko ilipofika, Jabiri, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Kitui, alikuja na lori lake. Yeye ndiye aliyemwazima Mutie turubai la pili, lile kubwa la lori, maana la Mutie peke yake halikuufunika uwanja wote. Aliteremka akijifuta jasho kwa kofia yake.

"Kwetu imenyesha jana," alisema kwa furaha, kabla ya mtu kumwonya. "Mpaka barabara ilikuwa inateleza!"

Soko zima lilimgeukia Mutie.

"Si mnaona?" alisema mwanamke mmoja aliyeuza sukari guru. "Imepita hapa, imekuta pamefunikwa, imeenda Kitui. Kule hawachezi mpira."

Jabiri alielezwa habari yote. Alimtazama rafiki yake kwa huruma, ingawa midomo ilikuwa inamcheza.

"Mutie ndugu yangu," alisema. "Sisi pia huiombea mvua. Lakini tarehe tunamwachia Mwenyewe."

"Unataka turubai lako?"

"Silitaki. Nimekuazima mpaka Jumamosi." Jabiri aliona alichokisema, akatia kofia kichwani. "Yaani... mpaka utakapomaliza."

Alhamisi Pasta Mwangangi alikuja uwanjani, akatembea kuuzunguka ukingo wa maturubai, mikono nyuma.

"Ni ushirikina," alisema. "Nimewaambia. Turubai haliwezi kufunga mbingu."

"Asante, Pasta."

"Hata hivyo." Pasta alikohoa. "Kwa ajili ya amani ya kanisa, Mutie. Ungelikunja tu. Kwa siku mbili tatu."

Mutie aligeuka, akatazama upande wa nyumbani kwake. Kwa mbali aliweza kumwona Kalondu akifua jezi za timu kwenye karai, akizianika moja moja juu ya uzio wa katani, akizinyoosha mikono kama watu waliolala.

Wanawake walikuja Ijumaa alasiri, wakati mawingu yalipokuwa yamesimama tena. Walitoka moja kwa moja mashambani, na majembe, na miguu yao ilikuwa imepauka kwa vumbi mpaka magotini. Kaluki alikuwa mbele. Nyuma kabisa mwanamke mmoja alikuwa anapiga debe polepole kwa kiganja, ule mdundo wa kilumi ambao bibi zao waliucheza kuomba mvua kabla kanisa halijaukataza. Kaluki aligeuka akamtazama, mdundo ukakoma. Alipotazama mbele ukaanza tena, na safari hii hakugeuka.

Wasichana wa timu walikuwa wamemaliza mazoezi. Mutie alikuwa ametoka kutandika maturubai, anapanga mawe ukingoni.

"Baba Kalondu," Kaluki alisema, "hatukuja kugombana. Ifunue ardhi."

"Kesho, mwaitu. Kesho jioni nitayachoma moto mkitaka."

"Leo. Mbingu inatazama chini inaona tumejifunika. Ungekuwa wewe ungenyesha?"

"Pasta amesema..."

"Pasta analipwa na kanisa. Sisi tunalipwa na udongo."

Mutie alifungua mikono yake. "Huyu mtoto ana siku moja," alisema. "Moja tu. Nyinyi mnaijua hiyo mvua, itakuja kesho, itakuja kesho kutwa, itakuja. Yule mwalimu wa Nairobi hatarudi."

"Na mbegu zitarudi?"

Sauti hiyo haikuwa ya Kaluki. Ilikuwa ya Ndila, aliyesimama katikati ya wanawake akiwa na jembe lake, na Mutie hakuwa amemwona. Wanawake walimpisha, na safari hii hakukuwa na mzaha. Alikuja mpaka kwenye ukingo wa turubai.

"Mama," Kalondu alisema, "tafadhali."

Ndila alimtazama binti yake, miguu yake mirefu, magoti yenye makovu ya uwanja huo. Kisha akainama, akaondoa jiwe la kwanza. Akaondoa la pili. Aliposhika ukingo na kuvuta, turubai liliinuka kidogo tu, likarudi chini. Lilikuwa zito, limejaa viraka na nta. Alivuta tena. Wanawake wengine walitaka kumsaidia lakini kitu fulani kiliwazuia, labda namna alivyokuwa akihema.

Mutie alimtazama mkewe akishindana na turubai. Alikumbuka mwaka uliopita, Ndila alivyokuwa akilala na njaa na kusema ameshiba, ili Kalondu ale mgao wake na asitoke shuleni. Alizunguka mawe, akashika pembe ya pili.

"Si hivyo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Shikia hapa kwenye mshono. Tunakunja pamoja, mimi kwangu, wewe kwako."

Walilikunja. Walikutana katikati, wakaachana, wakakutana tena, kama watu wanaokunja shuka baada ya kuianua. Hawakutazamana machoni. La Jabiri lilikuwa kubwa zaidi, na hapo wanawake walisaidia. Mwishowe maturubai mawili yalikuwa yamelala kando ya uwanja, mazito mno kubebwa, na udongo wa kichuguu ulikuwa wazi chini ya mawingu, mwekundu, na mistari yake ya chokaa.

Wote walisubiri. Hata wale waliosema hawaamini walisubiri. Debe lilikuwa limenyamaza.

Mawingu yakasogea, taratibu, yakaenda Kitui.

Hakuna aliyejua amlaumu nani. Kaluki alipangusa vumbi kwenye jembe lake ambalo lilikuwa safi. Kalondu alikuwa tayari ameondoka, akitembea peke yake na mpira kwapani.

Jumamosi mbingu ilikuwa tupu na safi kama sahani. Gari la Kikima lilikuja na ngoma na filimbi. Mwalimu Mishi alikuja na gari dogo la kampuni, mwanamke mrefu mwenye leso shingoni na sauti ya pwani, akakaa kwenye kiti kilichotolewa ofisi ya chifu. Mutie alisimama mbali, nyuma ya watu wote. Ndila hakutaka kuja, kisha akaja. Wanawake wa kanisa walisema wanapita tu, wakapita mpaka kwenye mstari wa mbele.

Mchezo ulikwenda kama ndoto ambayo mtu hataki kuamshwa. Mbumbuni walichukua seti, Kikima wakachukua, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Kalondu aliruka, na kila aliporuka ilionekana kama anakawia juu kidogo kuliko inavyoruhusiwa, akiangalia kitu ambacho wengine hawakioni. Kufikia seti ya mwisho Kaluki alikuwa amepoteza leso yake na sauti yake.

"Piga, mwanangu! Piga huyo wa Kikima, amekula nini cha kutushinda?"

Ilikuwa kumi na tatu kwa kumi na mbili, Mbumbuni wakiongoza, na zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa ya Kalondu. Alikwenda nyuma ya mstari. Aliudundisha mpira, na pale ulipogonga udongo, karibu na kidole chake cha mguu, aliona doa jeusi. Kisha la pili.

Hakuna aliyekuwa ametazama juu. Wingu lilikuwa limefika nyuma ya migongo yao, nalo halikwenda popote.

"Mvua!" mtu alipiga kelele, na watu wakanyoosha mikono, wakafungua midomo, wazee wakavua kofia. Na katikati ya kelele hiyo Kaluki ndiye aliyepiga ukelele mwingine kabisa.

"Uwanja! Jamani, uwanja! Mutie! Turubai!"

Mutie hakuwa na haja ya kuitwa. Lakini alipolifikia turubai alimkuta Ndila amekwisha kushika mshono, pale pale alipofundishwa. Wanawake walilirukia lile la Jabiri kama watu wanaookoa mtoto. Walilikunjua wakikimbia, wakiteleza, wakicheka na kulia, wasichana wa Kikima upande mmoja na wa Mbumbuni upande mwingine. Mawe hayakutosha, upepo ukaanza kuinua pembe, kwa hiyo watu wakakaa. Walikaa ukingoni pande zote nne za uwanja, miguu nje, migongo ndani, mvua ikiwapiga vichwani. Mwalimu Mishi alivua viatu akakaa kati ya Kaluki na mwanamke wa debe. Debe lilikuwa limewekwa wima, linajaa.

Mvua haikuwa ya kupita. Ilinyesha kwa sauti moja, pana, tulivu, kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua mzigo. Kule chini shamba la Ndila lilikuwa linabadilika rangi, kutoka kijivu hadi kahawia hadi nyeusi. Habari ikaja kwamba mto umefurika na daraja la chini limefunikwa. Gari la Kikima halitavuka leo. La kampuni pia halitavuka.

"Basi nitalala wapi?" Mwalimu Mishi aliuliza.

"Kwetu," Ndila alisema bila kufikiri. Kisha akaona haya, akikumbuka kwamba nyumbani kulikuwa na kunde za kuchemsha tu.

"Vizuri. Huyo msichana mwenye mpira ni binti yako?"

"Ndiye."

"Sitoki hapa kabla sijamwona akianzisha mpira huo."

Maji yalimtiririka Ndila usoni na hakuyafuta. Akamsogelea mumewe, aliyekaa kwenye pembe, uzito wake wote juu ya kiraka alichokishona mwenyewe.

"Baba Kalondu," alisema.

Mutie aligeuka haraka aliposikia jina hilo.

"Omba basi mvua iache kidogo. Mchezo uishe."

"Mimi?" Mutie alisema. "Mimi sifungui mdomo tena."

"Hata ukiufungua tutakuziba!" Kaluki alipaza sauti kutoka upande wa pili, na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata wasichana wa Kikima ambao hawakujua sababu.

Kalondu alikuwa ameuficha mpira chini ya jezi ili usilowe, tumbo limemtoka kama mjamzito. Alikuja akachuchumaa kando ya mama yake, akainua ukingo wa turubai kidogo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaugusa udongo. Alikaa hivyo kwa muda, macho amefumba.

"Mkavu?" Ndila aliuliza.

"Mkavu, mama. Una joto hata."

"Basi funika," Ndila alisema. "Funika vizuri."